Mita Tatu Juu ya Ikulu

Sitaitaja nchi yenyewe, kwa sababu naipenda na bado naishi humo. Itoshe kusema ina mji mkuu mmoja, Rais mmoja, kilima kimoja na jalala moja, na kwamba vitu hivi vinne vilikaa kwa amani miaka arobaini, mpaka mwaka juzi jalala lilipokosa adabu.

Msomaji aelewe kwanza sheria yetu. Katika nchi hii heshima ya mtu hupimwa kwa mita. Hatumwulizi mtu kazi yake wala ukoo wake. Tunamwuliza nyumba yake iko mita ngapi kutoka usawa wa bahari, na kitambulisho chake kinajibu. Mwenye mita chache ndiye anayemwamkia mwenye mita nyingi, hata kama huyu wa chini ni babu na yule wa juu amenyoa ndevu zake za kwanza juzi. Nimeona kwa macho yangu mzee wa miaka themanini akimpa shikamoo binti wa shule wa mita mia na tisini, na binti akaitikia marahaba bila kuacha kutafuna andazi. Maji ya bomba nayo huanzia kwa aliye juu kabisa, kisha hushuka kwa wengine, yakibaki. Mimi ni karani wa itifaki katika Wizara ya Mpangilio wa Watu na nakaa mita thelathini na mbili, kwa hiyo sina maoni juu ya utaratibu huu. Nasimulia tu.

Sheria ni ya kale. Mfalme wa kwanza alijenga boma lake kileleni ili awaone adui wakija, na wanahistoria wetu, ambao wote wanakaa juu ya mita mia na hamsini, wanasema hakuwa na nia nyingine. Mawaziri wakajenga chini yake, wafanyabiashara chini ya mawaziri, kisha ukaja ukuta. Nje ya ukuta, upande upepo unakoelekea, wakawekwa wachuna ngozi, maana ngozi zinanuka na mfalme alikuwa na pua.

Walipofika wageni kutoka ng'ambo walisikitika sana kuona mji umepangwa kwa ubaguzi. Wakauvunja ukuta. Mahali pake wakatandaza uwanja wa gofu wa ekari mia mbili, wakajenga juu yake, na wakaeleza kitaalamu kwamba uwanja ule ni kinga ya malaria: mbu wa watu wa chini hawezi kuruka umbali ule bila kuchoka. Kisha tukapata uhuru. Wananchi walipanda kilima wakiimba, wakaombwa wasubiri kidogo uwanjani wakati viongozi wanaingia kuangalia kama nyumba zile zinakalika. Zilikalika. Uwanja upo mpaka leo, na mbu bado wanachoka njiani.

Katika mapinduzi yote hayo kuna ukoo mmoja uliohamishwa kila mara. Mfalme alipopanua ukuta waliondolewa, wageni walipotaka gofu waliondolewa, na serikali ya uhuru ilipotaka barabara pana ya gwaride waliondolewa tena, safari hii kwa hotuba. Wa mwisho wa ukoo huo ni Bi Mwasiti. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne alipoteremshwa na mama yake mpaka Bondeni, kwenye shimo la mita nne, wakaambiwa wakae hapo kwa raha zao.

Mwaka huohuo kilima kikaanza kumwaga taka zake shimoni. Mama mtu alikufa hapo. Bi Mwasiti akaolewa hapo, akafiwa na mume hapo, na hakuhama. Kila taka zilipopanda alikibomoa kibanda chake cha mabati akakisimamisha tena juu kidogo, akaokota chupa na nyaya za shaba, akauza, akala. Kilima nacho kilikuwa kinakula vizuri na kutupa vizuri. Sijui kama kuna watu duniani wanaotupa vizuri kama wakubwa wetu.

*

Kila mwaka tunayo sikukuu inayoitwa Siku ya Kimo. Mtukufu Rais husimama kwenye kizingiti cha Ikulu, Mpimaji Mkuu huweka darubini yake ya kupimia ardhi na kutangaza: "Mita mia mbili na kumi na moja!" Mizinga hulia. Kisha, kwa desturi, Mpimaji huizungusha darubini pande zote za mji na kusema, "Wala hakuna mwingine," ndipo bendi ipige. Wapimaji wote waliotangulia waliizungusha huku wamefumba macho, kwa heshima. Bwana Lugendo alikuwa mgeni kazini. Hakuna aliyemweleza, na kwa bahati mbaya alikuwa mwaminifu.

"Wala hakuna..." alisema. Akatoa leso, akafuta kioo, akatazama tena. "Mtukufu, yupo."

"Yupo nani?" aliuliza Rais bila kuacha kutabasamu, maana kamera zilikuwa zimewashwa.

"Kuna kibanda cha mabati juu ya jalala, Mtukufu. Mita mia mbili na kumi na nne. Na mbele ya kibanda kuna mama anaanika nguo."

Bendi, ambayo ilikuwa imefundishwa kuanza baada ya sekunde kumi na haikufundishwa lingine, ilianza.

*

Siku ya tatu serikali ilipanda jalala. Ujumbe uliongozwa na Waziri wangu, Mheshimiwa Daktari Kibwana Mtandika, mzee wa miaka sabini na moja mwenye mita mia na tisini na nane, amevaa suti nyeupe. Nyuma yake alikuwapo Bwana Lugendo, watu wa redio waliorusha matangazo moja kwa moja, na mimi na kitabu changu cha itifaki. Tulipofika juu suti haikuwa nyeupe tena. Bi Mwasiti alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, anachambua vizibo.

Waziri akafungua kinywa, akakumbuka sheria, akakifunga. Akakohoa. Akasifu mandhari. Akauliza habari za mvua.

"Za mvua nzuri," alisema Bi Mwasiti. "Kaeni, ila angalieni chupa hizo, zimevunjika."

Waziri alinigeukia. Nami nikafungua ukurasa wa nne, nikamwonyesha kwa kidole, maana ndiyo kazi yangu. Watu wa redio wakasogeza kipaza sauti.

"Shikamoo," alisema Mheshimiwa Daktari Kibwana Mtandika, kwa sauti ya mtu anayeomba choo ugenini.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mwasiti, ambaye ana miaka hamsini na minne. "Haya, mmenijia kwa lipi?"

Waziri akatoa hotuba. Alisema historia inatuita. Alisema taifa ni ngazi, na ngazi ni umoja, na kila kipandio cha ngazi kina fahari yake, hasa vya chini. Alisema serikali inatambua mchango wa Bi Mwasiti katika sekta ya vizibo. Kisha akasema ameandaliwa makazi mbadala.

"Mnanihamisha."

"Hapana, mama. Serikali haihamishi mtu. Serikali inamwezesha mwananchi kubadilisha eneo."

"Bibi yangu aliwezeshwa, na mama yangu akawezeshwa, nami nikawezeshwa pamoja naye, na masufuria yetu yakawezeshwa kwa buti za askari," alisema Bi Mwasiti. Hakupandisha sauti. "Sikilizeni, baba zangu. Mimi sikuomba kuwa juu, taka ni zenu. Lakini sheria nimesomewa na huyu bwana mwenye darubini alipokuja kupima juzi. Naomba mawili. Maji yangu, kama sheria inavyosema. Na nisiguswe hapa nilipo. Mengine yote, ving'ora na bendera, fanyeni mnavyojua."

Sheria ni sheria, na redio ilikuwa hewani. Kwa miaka arobaini wahandisi wetu walieleza kwamba maji hayawezi kufika Bondeni kwa sababu ya ugumu wa mteremko. Sasa yalipandishwa mita mia mbili na kumi na nne kwa siku nne. Watu wa Bondeni wakapanda na ndoo zao, Bi Mwasiti akawaachia bomba wazi, na yaliyobaki yakaenda Ikulu. Siku ya kwanza hayakubaki. Inasemekana Mama wa Taifa alikatikiwa na maji akiwa amejipaka sabuni mpaka kichwani, akakaa hivyo saa mbili. Sina hakika, ila siku hiyo Baraza la Mawaziri liliitwa kwa dharura.

*

Suluhisho lilitoka kwa Mwanasheria Mkuu, mtu mwenye akili nyingi na mita mia mbili kamili. Alisema kutupa si kutoa. Mtu anapotupa kitu, alisema, hajaacha kukimiliki, amekiweka mbali tu. Jalala lote limetokana na mali za watu wa kilimani zilizowekwa mbali kwa muda. Kwa hiyo mlima ni wao, na Bi Mwasiti ni mvamizi aliyekaa juu ya vitu vya watu.

Mahakama ilihamia jalalani, kwani sheria inataka jaji akione kinachogombaniwa. Familia sitini za kilimani zilikuja na miavuli. Shahidi wa kwanza alikuwa mke wa Spika, ambaye alilitambua sofa lake la kijani na kuonyesha picha ya mumewe amelilalia. Wa pili akatambua jokofu. Wa tatu akatambua nusu ya piano, akalia kidogo. Ilikuwa asubuhi nzuri kwa upande wa mashtaka.

Jaji akamwuliza Bi Mwasiti kama ana la kusema.

"Sibishi, mheshimiwa. Kila mwenye chake ni chake. Ila mlima haukuanzia kwenye sofa. Anayetaka mlima atambue wote, mpaka chini. Njooni huku mvua ilikobomoa."

Tulimfuata hadi ubavuni, ambako maporomoko yalikuwa yameukata mlima, tabaka juu ya tabaka. Bi Mwasiti aliyajua matabaka yale mtu anavyowajua wanawe.

"Huu ni mwaka wa kipindupindu," alisema, akagusa safu ya makasha. "Dawa za hospitali hizi, muhuri wenyewe huo. Zilikuja zimeshaharibika, na gari lililotoka nyumba namba saba. Wa namba saba yupo?"

Wa namba saba ni Waziri wa Afya wa zamani. Alikuwa amepigiwa simu ghafla, akawa anateremka.

"Haya, hivi ni vitabu vya shule, havijafunguliwa kamba. Namba kumi na tisa. Na hapa chini, mwaka uliotangulia..." Alivuta sanduku moja likatoka na vumbi lake. "Masanduku ya kura. Ya kwetu Bondeni haya, lakiri bado nzima. Nilipiga kura siku ile nikiwa na mimba. Mtoto hakuishi, kwa sababu ya hizo dawa nilizokuonyesheni. Sasa mwenye sanduku ajitokeze achukue na mlima wake. Simzuii."

Mimi nilitazama kitabu changu cha itifaki, na sioni aibu kusema kwamba maandishi yake sikuyaona vizuri. Hakuna ukurasa unaosema karani afanye nini akitaka kulia mbele ya jaji.

Jaji aliuliza mara tatu nani anautambua mlima. Ikadhihirika kwamba kilimani hakuna mtu aliyewahi kutupa kitu chochote. Yule wa piano akasema piano zinafanana. Mke wa Spika akalitazama sofa tena, akasema lake lilikuwa na miguu mirefu zaidi. Kesi ikafutwa, na mlima ukaandikwa kuwa hauna mwenyewe ila yule aliyeukalia. Masanduku yalichukuliwa na polisi kwa usalama wake, na hayajaonekana tena mpaka leo, kwa hiyo yako salama sana.

*

Hapo ndipo Waziri wangu alipopata wazo lililompa nishani. Jalala haliwezi kupunguzwa, alisema, maana kila mahali pa kulipeleka pana jimbo na mbunge. Basi kilima kipandishwe. Na jalala limetuonyesha namna.

Kampeni iliitwa "Taka Zetu, Kimo Chetu". Magari ya taka yalipigwa marufuku kushuka Bondeni. Kila nyumba ya kilimani iliagizwa kuweka taka zake chini ya miguu yake yenyewe, kushindilia, kisha kujenga juu. Ikulu ilitangulia kwa mfano: ghorofa ya chini ilijazwa maganda, mifupa na magazeti ya serikali, na ghorofa ya pili ikapandishwa cheo kuwa ya kwanza. Familia zilianza kushindana. Spika alialika watu kula pilau mara tatu kwa wiki ili apate mabaki. Waziri wa Fedha alinunua taka za ndugu zake wa mikoani. Bwana mmoja aliyepungukiwa na taka alionekana akitupa viti vipya.

Nzi walikuja kwa wingi. Waziri wa Habari alifafanua kwamba ni nzi wa nyanda za juu, wenye hulka tofauti. Uvundo ulipewa jina rasmi, "hewa ya hadhi", na watumishi wa kilimani walikatazwa kuziba pua saa za kazi. Mabalozi wanne waliomba kuhamia pwani kwa ajili ya afya ya bendera zao. Upepo ulipoteremsha hewa ya hadhi mpaka Bondeni, watu wa kule waliinusa, wakasema hao bado wanajifunza.

Siku ya Kimo iliyofuata Bwana Lugendo alipima Ikulu mita mia mbili na kumi na sita. Jalala, lililokosa chakula mwaka mzima, lilikuwa limejishindilia na kushuka hadi mia mbili na kumi na mbili. Mtukufu Rais aliipokea habari hiyo kizingitini, leso puani, machozi yakimtoka. Magazeti yalisema ni ya furaha. Mizinga ililia, bendi ikapiga ilipotakiwa, na taifa likarudi katika mpangilio wake.

Nasi tulidhani yameisha. Bi Mwasiti alikuwa wa pili, maji yake yalikuwa ya pili, na bomba bado lilitosha kwa Bondeni nzima. Redio ilipomwuliza kama ameumia alicheka. "Kuwa wa kwanza kunataka mtu mwenye nafasi," alisema.

Na kweli hakuwa na nafasi. Mvua ya mwaka ule ilikuwa njema, na taka za miaka arobaini ni mbolea. Mlima uliota mchicha kwanza, mnene, wa kijani mpaka unang'aa, kisha maboga, kisha mipapai. Nzi walikuwa wamewafuata wakubwa. Jioni watu wa Bondeni walikuwa wakipanda kuchota maji na hawaharakishi kushuka. Wanakaa kwenye majani, wanatazama bahari ambayo hawakujua kwamba inaonekana kutoka kwao. Bi Mwasiti akauza mchicha badala ya vizibo. Nilipanda mara mbili kununua, na mara zote mbili nilisahau kuuliza mita zake na zangu.

Kwa hiyo naeleza la mwisho kwa shida, maana nilikuwapo kikazi. Ilikuwa Jumatano. Nilimshikia Bwana Lugendo ncha moja ya utepe wa kupimia, naye alikuwa na kifurushi cha vigingi vyekundu begani. Alimwamkia Bi Mwasiti kwanza, kisha akasimama tu pale mbele ya kibanda kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Sema, mwanangu," alisema Bi Mwasiti. "Vigingi nimeviona."

"Wakubwa wanatafuta hewa, mama. Kule juu hakukaliki. Bunge limepitisha jana kwamba mita zihesabiwe kwa usafi wa hewa. Viwanja kumi na viwili, na gofu ndogo." Akahamishia vigingi bega la pili. "Wanakuja Jumamosi na wake zao kuchagua. Jaji alisema mlima ni wa aliyeukalia, kwa hiyo utaondolewa kwanza, halafu ndio waukalie."

Bi Mwasiti akamwambia Lugendo aendelee na kazi yake, asije akafukuzwa na ana watoto. Kisha akafunga kanga yake vizuri na kushuka mpaka barabarani. Mimi ncha yangu ya utepe iliangukia upande huo huo wa barabara, kwa hiyo nilisikia.

Gari la taka lilikuwa linapita. Dereva wake, Chande, aliyemwaga mlimani pale miaka kumi na tano, siku hizi alikuwa akitoa taka za nyumba moja ya kilimani na kuzipeleka nyingine. Bi Mwasiti alimpungia akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chande, ukipata taka ya soko la samaki, ile ya chini kabisa ya pipa, inaenda wapi?"

"Hiyo kwa Mwanasheria Mkuu, mama. Ameiwekea oda."

"Mwambie gari limeharibika. Niletee mimi, Ijumaa. Na wiki ijayo nyingine, na kila wiki."

Chande alizima injini. Aliinamisha kichwa dirishani, akautazama mlima kuanzia chini mpaka juu, mipapai na maboga na wale watu waliokuwa wamekaa na ndoo zao wakipunga upepo.

"Mama, lakini pale sasa pamekuwa pazuri."

"Ndiyo maana," alisema Bi Mwasiti. "Umwage kwenye mchicha."